Betri moja inakufa, mtandao unakatika: laptopu na intaneti ndani ya lori la safari ndefu

Swali: Naendesha Scania ya tela. Nabeba makaa ya mawe kutoka Mbinga kwenda bandari ya Mtwara, na msimu wa korosho napakia Masasi na Newala. Nina laptopu ya kutengenezea ankara, kuweka hesabu za mafuta na kufanyia kazi za masomo ya Chuo Kikuu Huria. Nilinunua inveta ya volti 12, fundi akaiunga kwenye betri moja kati ya mbili. Miezi minne baadaye betri hiyo imechoka, asubuhi gari linagoma kuwaka, na ile ya pili inakausha maji kila wiki. Intaneti natumia hotspoti ya simu. Njia ya Tunduru inakata muda mrefu, na hata ikiwepo, bando la GB 10 linaisha siku mbili bila kujua limekwenda wapi. Nianzie wapi? (Dereva, Masasi)

Jibu:

Ndugu yangu, pole na asubuhi za kuomba umeme kwa lori la jirani. Anzia kwenye betri. Intaneti hata iwe nzuri vipi haikusaidii kitu ukiwa umelala porini kati ya Namtumbo na Tunduru na gari haliwaki. Tena kosa lililoua betri yako linafanywa na mafundi wengi wazuri, kwa sababu linaonekana kuwa na akili: inveta ni ya volti 12, betri ni ya volti 12, basi zikutanishwe.

Tatizo ni kwamba lori lako halina betri mbili za volti 12. Lina betri moja ya volti 24 iliyokatwa vipande viwili. Chanya ya kipande kimoja imefungwa kwenye hasi ya kingine, na alteneta inavisukumia vyote kwa pamoja volti 28 hivi. Mkondo unaopita kwenye kipande cha juu ndio huohuo unaopita kwenye cha chini. Alteneta haina namna ya kumpa mmoja zaidi ya mwenzake.

Sasa tupige hesabu. Laptopu ya wati 65 ikipitia inveta ya volti 12 inavuta ampea 6 na kidogo, ukijumlisha umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe. Ukifanya kazi saa tatu kila usiku, umetoa karibu ampea-saa 19 kwenye betri moja. Kwa wiki ni ampea-saa 130 ambazo betri ya pili haikutoa. Ukiwasha gari, alteneta inarudisha kiasi sawa kwa zote mbili. Iliyonyonywa inabaki haijajaa. Isiyonyonywa ilishajaa zamani lakini bado inasukumiwa. Kati ya zile volti 28, yenye njaa inaweza kubaki na 13.2 na iliyoshiba ikapandishwa hadi 14.8 au zaidi, siku nzima, kwenye joto la Mtwara. Hapo maji yanageuka gesi na kutoka kwenye vizibo. Ndiyo maana unaona mambo mawili yanayoonekana tofauti lakini chanzo chake ni kimoja: moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa.

Leo hii, kabla ya kununua chochote, ng'oa waya za inveta hiyo. Liache gari limezimwa kwa muda wa saa sita hadi nane, kisha pima kila betri peke yake kwa multimita. Volti 12.7 imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 karibu hakuna kitu. Zitenganishe, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa (usiongeze asidi, kilichopotea ni maji), uzichaji moja moja kwa chaja ya volti 12 usiku kucha. Zipumzike tena, upime kesho yake. Iliyoshuka chini ya 12.4 bila kuguswa haishiki chaji. Kipimo cha mwisho ni kuzirudisha, tandiboi apige stata huku wewe umeshikilia multimita kwenye betri moja, kisha nyingine. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, kuna chumba kimefariki ndani. Ukilazimika kubadili, badili zote mbili, ukubwa mmoja, aina moja, siku moja. Kuoanisha mpya na kuukuu ni kurudia kosa lilelile kwa njia nyingine.

Sasa umeme wa laptopu. Geuza chaja yako ya nyumbani usome maandishi ya upande wa kutoa umeme. Kama ni ya Type-C na imeandikwa volti 20, ampea 3.25, hiyo ni wati 65, na wewe huhitaji inveta kabisa. Unahitaji chaja ya gari ya Type-C yenye mfumo wa PD (chaja na laptopu hukubaliana zenyewe volti za kutumia) unaotoa volti 20. Inveta inapandisha volti 24 hadi 230, halafu chaja ya nyumbani inazishusha tena hadi 20. Kila ngazi inakula umeme na kutoa joto, na inveta iliyoachwa imewashwa bila kazi inaendelea kunyonya karibu nusu ampea usiku kucha. Chaja ya moja kwa moja haina safari hiyo ya kwenda na kurudi. Kwenye volti 24 laptopu yako itavuta ampea 3 tu. Saa nne za kazi ni ampea-saa 12, ambazo betri nzima za N150, yaani za ampea-saa 150, hazizihisi.

Dukani angalia vitu viwili. Kwanza, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni jumla ya matundu yote. Uliza tundu la Type-C peke yake linatoa wati ngapi. Pili, na hili ndilo linalounguza vifaa, angalia volti za kuingia. Lori la volti 24 likiwa linatembea linatoa 28 na zaidi, na waya ya betri ikilegea wakati alteneta inachaji, volti zinaruka ghafla mara kadhaa ya kawaida. Chaja iliyoandikwa mwisho volti 24 imeshapitwa kabla hujaondoka. Tafuta iliyoandikwa 10 hadi 32, au bora zaidi 9 hadi 36.

Kama laptopu yako inatumia pini ya duara, zipo chaja za gari za kushusha volti 24 hadi 19.5, lakini ujue jambo moja kuhusu Dell na HP. Katikati ya pini yao kuna waya wa tatu unaoiambia laptopu kuwa chaja hii ni yake. Chaja ya jumla isiyo na waya huo inaweza kuiwasha laptopu lakini isichaji betri, na mtu akadhani betri ya laptopu imekufa. Nunua iliyotajwa kuwa ya aina yako, na ijaribu dukani ukiangalia asilimia zinapanda, siyo taa tu.

Inveta ibaki kwa mwenye laptopu kubwa ya wati 120 na kuendelea, au mwenye printa ndogo ya ankara. Hapo chukua ya volti 24 kweli, wati 300, inayotoa wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi. Chaja nyingi huvumilia, lakini hupata moto, huvuma, na kipanya cha kugusa cha laptopu hurukaruka. Kumbuka pia kinachotoka pale ni volti 230 kamili, umeme uleule wa ukutani. Usiifunge chini ya kiti ambako maji ya kuoshea kebini yanapita.

Tuje kwenye waya, maana hapa ndipo magari yanaungua.

Tundu la kiberiti cha sigara linatosha kwa chaja ya wati 65, ingawa njia mbaya hulegeza plagi, ikalegea ikatoa cheche ndogo, na plastiki ikaanza kuyeyuka. Kama ukishika plagi baada ya saa moja na mkono hauvumilii, tundu limechakaa. Kwa inveta ya wati 300 usilitumie kamwe. Hiyo inavuta ampea 15 na inataka waya zake kutoka betri.

Betri ziko kwenye chesisi, kwa hiyo hesabu mita 6 hadi ndani ya kebini, na mita 6 kurudi. Kwa chaja ya Type-C, waya ya milimita za mraba 2.5 inatosha: kwa ampea 4 unapoteza thuluthi moja ya volti. Waya hiyohiyo ukiipa inveta ampea 15, unapoteza volti 1.3 njiani, inveta inapiga kelele kuwa betri imeisha wakati betri ni nzima. Kwa inveta tumia ya 6. Iwe waya laini yenye nyuzi nyingi, ile inayotumika kwenye magari. Ile ya nyumba yenye uzi mmoja mgumu hukatika ndani kwa mtikisiko huku ganda la nje likionekana zima. Ukinunua, kwaruza ncha kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme kwa shida zaidi ya shaba kwa unene uleule. Irudishe.

Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 30 za kichwa cha chanya. Ampea 10 kwa waya ya 2.5, ampea 25 kwa waya ya 6 ya inveta. Watu huweka fyuzi kebini karibu na kifaa wakidhani inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya. Waya ikichubuka kwenye chesisi kabla ya kufika fyuzi, hakuna kitu kitakachoizuia kuwa nyekundu. Tumia fyuzi za bapa. Za kioo hutetemeka zikakatika zenyewe. Chanya ichukuliwe kwenye chanya ya mwisho ya volti 24, hasi kwenye hasi ya mwisho. Kile kiungo cha katikati kati ya betri mbili kisiguswe na mtu tena maishani mwake. Kama kuna kifaa cha volti 12 ambacho lazima ukitumie, nunua kishusha volti cha 24 kwenda 12. Kinavuta kwenye betri zote mbili sawasawa.

Kebini ya Scania inalala mbele ukitaka kufikia injini. Waya iliyonyooshwa ikabana vizuri itakatika siku ya kwanza fundi atakapoilaza. Ifuate njia ya waya za kiwandani, ipite pale zinapopita kwenye egemeo la kebini, na iachiwe ulegevu uleule. Baada ya kufunga, ilaze kebini mara moja ukiwa umesimama pembeni unaangalia. Na kwa sababu unashinda bandarini, hewa ya chumvi itakuletea kutu ya kijani kwenye viungo ndani ya wiki chache: safisha vichwa vya betri, kaza, kisha paka grisi au vaselini juu yake. Paka baada ya kukaza, siyo kabla.

Bado kuna la kulinda asubuhi yako. Inveta nyingi za volti 24 zina kinga ya kujizima betri ikishuka, lakini hujizima kwenye volti 20 au 21. Kwa kuwasha injini hapo umeshachelewa sana. Betri ikiwa imepumzika, 24.4 tayari ni nusu. Nunua kikatio cha volti kinachopangika, kifungwe baada ya fyuzi, ukipange kikate kwenye 24.2 na kirudishe kwenye 25.6. Namba ya pili iko juu kwa makusudi, ili kisiwe kinakata na kurudisha usiku kucha. Laptopu yako ina betri yake. Umeme ukikatwa saa saba usiku unajua umekula akiba ya nje, unahifadhi kazi, unalala. Kama siku moja utahamia kubeba mafuta kutoka Mtwara, haya yote usiyafunge bila kibali cha mwenye gari na fundi anayejua magari ya mafuta, kwa sababu huko cheche moja ni jambo lingine kabisa.

Sasa mtandao. Nikwambie mapema ninachoamini: njia ya Tunduru huishindi kwa kununua bando kubwa wala simu ya gharama. Msitu ni mrefu, vijiji viko mbalimbali, na mnara hujengwa palipo na watu. Unaishinda kwa mambo mawili, antena nje ya bati na kazi inayojua kusubiri.

Kebini ni sanduku la chuma. Simu iliyo kwenye dashibodi inapokea kupitia vioo tu, na ikigawa hotspoti kwenye joto inapunguza nguvu zake yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo pale mnara uko kilomita 15, simu inasema hakuna huduma wakati juu ya paa huduma ipo. Dawa ni ruta ya 4G yenye matundu ya antena za nje. Ruta za nyumbani za volti 12 hufanya kazi vizuri kupitia kile kishusha volti nilichokitaja. Zipo na zilizotengenezwa kwa magari na viwanda, kama Teltonika RUT955, inayobeba laini mbili na kuhama yenyewe moja ikikata. Hiyo inapokea volti 9 hadi 30, kwa hiyo inaonekana unaweza kuiunga moja kwa moja kwenye lori, lakini 28.8 na 30 ni majirani wa karibu mno; mimi ningeipitisha kwenye kishusha volti pia. Yoyote utakayochukua, soma kwenye boksi masafa inayopokea. Iwe na 700, 800, 900, 1800, 2100 na 2600 (hizi ni MHz). Ruta iliyoletwa kutoka nchi ya mbali kwa matumizi ya huko inaweza kukosa 700 na 800, na hayo ya chini ndiyo yanayosafiri mbali porini.

Antena usinunue ile ndefu ya kuelekeza upande mmoja. Ni nzuri kwa nyumba, lakini gari linageuka na mnara unabadilika. Nunua mbili za pande zote, dB 3 hadi 5 (dB ni kipimo cha kuongezeka au kupotea kwa nguvu za mawimbi), zikae juu ya paa la chuma zikiwa zimeachana angalau sentimita 30. Zinahitajika mbili kwa sababu 4G inapokea njia mbili kwa pamoja, na ukifunga moja unaweza kuacha hadi nusu ya kasi. Kinachowaangusha wengi ni kebo. Zile nyembamba kama uzi wa kiatu zinazokuja na antena za sumaku, ambazo ni RG174, hupoteza karibu dB 1.5 kwa kila mita kwenye masafa ya 1800. Mita 5 zinakula dB 7, yaani karibu sehemu nne kati ya tano za nguvu zote zimeishia kwenye kebo, na antena ya dB 5 umeinunua bure. Tumia LMR200, isizidi mita 3, na uweke ruta juu, karibu na paa, badala ya kuivutia kebo chini kwenye dashibodi. Usiibane kebo kwenye mlango. Ipite kwenye tundu lenye mpira nyuma ya kebini, na ipinde kidogo kwenda chini kabla ya kuingia ili mvua idondoke nje.

Laini ipi? Hapa mtu akikupa jibu moja kwa barabara nzima, usimwamini. Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL kila mmoja ana vijiji vyake, na picha hubadilika, kwa sababu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaendelea kuchangia ujenzi wa minara vijijini. Jipimie mwenyewe kwa safari moja. Weka laini tatu kwenye simu mbili, zote zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA (*106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa jina lako). Simu ziwe na programu ya kuonyesha nguvu za mnara kwa namba. Tandiboi ashike daftari, na kila kijiji, kila mizani, kila mnaposimama kula, aandike jina la mahali, laini, 4G au 3G au 2G, na namba ya RSRP, yaani nguvu ya mnara inayofika kwenye simu. Asiandike vijiti, kila kiwanda cha simu kina hesabu yake ya vijiti.

Namba zinasomwa hivi. RSRP ya -90 au iliyo karibu zaidi na sifuri, yaani -85, -80, ni nzuri, utatuma video ukitaka. -100 unafanya kazi bila shida. -110 barua pepe zinakwenda, picha zinasuasua. Kuanzia -115 kushuka unang'ang'ania hewa. Angalia na SINR, yaani mnara unavyosikika ukilinganisha na kelele: ikiwa juu ya 10 ni safi, ikiwa chini ya 0 mnara unausikia lakini kelele zimeuzidi, na hapo kusogeza lori mita chache au kupanda mlima kunasaidia kuliko kubadili laini. Utaligundua hilo ukiwa chini ya uwanda wa Makonde. Ukiwa bondeni, ukingo unakukinga na mnara ulio juu Newala, ingawa kwa ramani uko jirani.

Daftari hilo likikamilika, kwa safari ya kwenda na kurudi, unalo jambo ambalo halinunuliki: unajua kwamba mahali fulani kabla ya Mangaka laini fulani ina -88, kwa hiyo ndipo pa kunywea chai. Chagua laini mbili zinazozibiana mapengo, siyo mbili zenye nguvu mahali palepale. Bando kubwa liwe kwenye ile inayokufaa sehemu unazolala; ya pili iwe na dogo la akiba. Na pale ambapo ruta inarukaruka kati ya 4G hafifu na 3G, ifungie kwenye 3G mpaka upite. Kila kuruka ni sekunde kadhaa za kukatika, na faili lililokuwa linapanda huanza upya.

Starlink, intaneti ya satelaiti, utaisikia ikitajwa, hasa na wanaovuka Daraja la Umoja, kwa kuwa Msumbiji imekuwa ikitumika tangu 2023. Leseni ya Msumbiji haivuki Ruvuma. Uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kutoa pesa, na ukumbuke ile sahani ya kawaida inakula wati 50 hadi 100 muda wote, mara nyingi zaidi ya laptopu yenyewe. Ukiwa upande wa Mtambaswala, zima pia data ya nje ya nchi kwenye ruta na simu, kwa sababu kifaa kinaweza kudaka mnara wa ng'ambo na salio likaondoka bila kuaga.

Na zile GB 10 za siku mbili, zimeliwa na laptopu yenyewe. Kompyuta ikiona Wi-Fi inadhani iko ofisini penye intaneti isiyo na mwisho. Windows hushusha masasisho. Makubwa ya mwezi hutoka Jumanne ya pili, na huweza kufika mamia ya MB hadi zaidi ya GB moja. OneDrive inapandisha picha zote za mizigo. Fungua mipangilio ya Windows, ingia kwenye mtandao, chagua jina la Wi-Fi ya ruta yako, washa "Metered connection" (mtandao wa kulipia kwa kipimo). Hapohapo masasisho mengi yanasimama. Kisha zima OneDrive isianze yenyewe, na kwenye kivinjari zima video zinazojicheza. Masasisho usiyakimbie moja kwa moja, ni kinga ya kompyuta. Yashushe mara moja kwa mwezi ukiwa Mtwara mjini penye Wi-Fi ya kulipia, foleni ya bandari ikikushikilia.

Picha za hati za mizani na risiti, zipunguze kabla ya kutuma. Picha ya simu ya MB 2 kwenye 2G inayokwenda kilobiti 100 kwa sekunde inachukua dakika mbili na sekunde arobaini, bila kukatika hata mara moja, jambo ambalo halitokei. Ukiipunguza hadi KB 200 inachukua sekunde 16, na maandishi bado yanasomeka kama uliipiga mchana, hati ikiwa imenyooka. Barua pepe usiiandikie kwenye kivinjari. Weka programu ya barua kama Thunderbird: unaandika ukiwa porini, unabonyeza kutuma, inakaa kwenye sanduku la kutoka, na unapokuta mnara inaondoka. Ankara na hesabu ziwe kwenye laptopu yenyewe, nakala ndiyo ipande mtandaoni, siyo kinyume chake.

Kuhusu mwili wa laptopu kwa kifupi. Kama bado ina diski ya kuzunguka, ibadili kuwa SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya kuzunguka haiwezi kusomwa kwa usalama gari likiwa kwenye makorongo. Usiiache kebini imefungwa juani. Ndani ya kebini iliyoegeshwa Mtwara mchana joto hupita lile ambalo betri ya lithiamu inaruhusiwa kuchajiwa, nyuzi 45, kwa hiyo ukirudi fungua madirisha kwanza, chaji baadaye. Vumbi la makaa linaziba feni kuliko vumbi la barabara. Wakati wa kupakia na kushusha mzigo, laptopu iwe ndani ya mfuko uliofungwa, na mpe fundi aifungue na kuipuliza kila baada ya miezi mitatu. Wakati gari linatembea isiwe mezani wala mapajani mwa mtu yeyote, iwe kwenye begi nyuma ya kiti.

Kwa masomo ya Chuo Kikuu Huria, shusha mihadhara na vitini vyote vya muhula ukiwa Mtwara. Kazi ya kuwasilisha ihifadhi kama PDF isiyozidi MB 1, na uipandishe kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, mnara ukiwa na watu wachache. Fanya hivyo siku mbili kabla ya mwisho, kutoka mahali ambapo daftari lako linasema -95 au bora, injini ikiwa imezimwa na kikatio chako kinasoma juu ya 24.6.